Wokovu wa Bure na Wenye Kuupangia Bei

*Tangu chuo cha Mukono mwaka 1941 hata viwanja vya mikutano vya leo, Wakristo wa Afrika Mashariki wanashindania swali moja: ikiwa neema ni hiba ya Mungu, nani aliyewekwa mlangoni kutoza?*

Na Mwandishi Wetu

Mnamo Oktoba 1941, ilhali Vita Vikuu vya Pili vikiendelea huko Ulaya na Afrika ya Kaskazini, vita vingine visivyo na bunduki vilizuka katika chuo cha makasisi cha Askofu Tucker, kilichojengwa juu ya kilima cha Mukono, mashariki ya Kampala.

Wanafunzi kadhaa wa chuo kile, waliokuwa wakisema waziwazi kwamba wameokoka, walikuwa na ada ya kuamka saa kumi za alfajiri, wakakusanyika kusali na kuungama, kisha wakawahubiria wenzao na hata walimu wao, wakikemea wizi na uzinzi waliodai kuwa umefichwa chuoni, pamoja na elimu mpya ya dini ambayo, kwa maoni yao, ilikuwa ikiipunguza thamani ya msalaba.

Mkuu wa chuo, kasisi kutoka Wales, aliwaamuru waache mikutano ile ya alfajiri. Walikataa, wakasema kwamba dhamiri zao haziwapi ruhusa ya kutii amri hiyo. Na khatima ya mambo wanafunzi 26 walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda, mtu ambaye baadaye sauti yake ilifika mbali kuliko sauti za wengi waliobaki chuoni wakapata daraja la ukasisi.

Mtu wa nje angeweza kudhani kuwa ugomvi ule ulikuwa wa saa za kulala na saa za kuamka. Haukuwa hivyo, na la ajabu zaidi ni kwamba pande zote mbili ziliungama itikadi moja, maana ibara ya 11 katika zile Ibara 39 za Kanisa la Uingereza, zilizokuwa msingi wa kanisa lao wote, inafundisha kwamba mwanadamu huhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa stahili ya Kristo, kwa njia ya imani, wala si kwa amali zake mwenyewe.

Hakuna, basi, aliyesema kuwa wokovu hununuliwa. Waliloshindania ni jinsi mtu anavyojua kwamba ameupokea, ni alama gani imthibitishe, na ni nani mwenye idhini ya kumwambia jirani yake kuwa bado hajaupata.

Swali hilo halikufa na wale walioliuliza kwanza. Limebadili mavazi tu, na katika zama zetu limefika viwanja vya mikutano, vyumba vya maiti na ofisi za serikali.

Fundisho lilikotoka

Asili ya fundisho lenyewe ni nyaraka za Mtume Paulo, hususan zile alizowaandikia Warumi, Wagalatia na Waefeso, ambamo anashikilia kwamba watu wote, wenye torati na wasio na torati, wamepungukiwa mbele ya Mungu kwa kadiri moja, na kwamba Mungu mwenyewe, pasipo kudaiwa na mtu, amewapa kwa kifo na ufufuo wa Kristo kile ambacho wasingeweza kukichuma kwa juhudi zao.

Hiyo ndiyo neema: hisani ya aliye juu kwa asiyestahili, isiyotanguliwa na ujira wala kufuatwa na hati ya madai. Lakini katika Agano Jipya lilo hilo umo pia waraka wa Yakobo, unaoihesabu imani isiyo na matendo kuwa haina uhai. Na tangu siku zile hata leo kila kizazi cha Wakristo kimelazimika kuzisoma sauti hizi mbili kwa pamoja, na aghalabu kimeisikia moja kuliko nyingine.

Mwafrika ndiye aliyelipatia fundisho hili hoja zake ndefu katika kanisa la Magharibi. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba katika Algeria, alipambana na mtawa Pelagius, aliyetoka visiwa vya Uingereza, ambaye alifundisha kwamba hiari ya mwanadamu ina nguvu ya kutosha kutenda mema aliyoamriwa. Augustino alimjibu kwamba hiari yenyewe ina ugonjwa, na kwamba hata ile shauku ya kumtaka Mungu ni kipawa cha Mungu. Na mtaguso wa maaskofu uliokutana Carthage mwaka 418 ukayahukumu mafundisho ya Pelagius kuwa makosa.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1517, Martin Luther, mtawa wa shirika la Augustino huyo huyo na mwalimu wa chuo cha Wittenberg, alitoa hoja zake 95 dhidi ya biashara ya hati za rehema, ambazo mhubiri Johann Tetzel alikuwa akizitangaza kana kwamba fedha ya mwenye kununua humtoa marehemu wake toharani. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento, mnamo Januari 1547, lilikataa kauli ya kwamba imani peke yake yatosha, likafundisha kuwa neema ndiyo inayotangulia na kumwamsha mtu, ila mtu huiitikia kwa hiari, naye hukua katika haki kwa sakramenti na kwa matendo mema. Na mtaguso huohuo baadaye ukaifuta kazi ya wachuuzi wa hati zile.

Ugomvi huo uliwagawa Wakristo wa Ulaya, ukaletwa Afrika katika majahazi na meli za wamisionari, hata watoto wa mama mmoja wakafundishwa kuogopana kwa sababu ya maneno ya Kilatini na Kijerumani ambayo bibi zao hawakupata kuyasikia.

Hatimaye, tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja, wakiungama kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyomo ndani yake, na kwamba neema hiyo ndiyo inayomwezesha na kumwita atende mema. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, na makanisa yanayofuata mafundisho ya Calvin mwaka 2017.

> Katika vitabu makanisa yamekaribiana sana; mlangoni pa kanisa ndipo bei inapopangwa upya.

Gahini, penye njaa na uamsho

Wanafunzi wale wa Mukono hawakuyatoa mambo yao Wittenberg wala Trento. Waliyapata Gahini, kilima kilicho kando ya ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda, ambako wamisionari Waanglikana walijenga hospitali katika miaka ya 1920.

Dakt. Joe Church, tabibu Mwingereza aliyesoma Cambridge, alifika Gahini mwaka 1928, akakutana na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, iliyoua watu wengi na kuwahamisha wengine. Akatibu na kugawa chakula hata nguvu za mwili na za roho zikamwishia. Mnamo Septemba 1929, alipokuwa Kampala, alikutana kilimani Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye elimu, aliyekuwa na ada ya kuhubiri karibu na kanisa kuu. Wawili hao, mmoja wa taifa lililotawala na mmoja wa taifa lililotawaliwa, walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kusali, wakitafuta lile ambalo kila mmoja alihisi kuwa amelikosa.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kufundisha. Yosiya Kinuka, mkubwa wa wasaidizi wa hospitali, alisafiri hata Kampala akiwa na manung'uniko mengi juu ya mambo ya Gahini, akazungumza na Nsibambi, akarudi mwaka 1931 akiwa mtu mwingine.

Kutoka kwa watu wachache hao uamsho ulienea hata Kabale mwaka 1935, ukaingia Uganda ya kati mwaka uliofuata, Kenya mwaka 1937, na Bukoba katika Tanganyika kabla miaka ile ya 1930 haijakwisha. Kigozi hakuyaona mengi ya hayo; alifariki Januari 1936 kwa homa ya papasi, akiwa amekwisha kutayarisha mambo aliyotaka kuyaweka mbele ya sinodi ya kanisa, na wito wake wa kuwataka Wakristo waamke ukabaki kuwa kauli ya wenzake.

Walikuja kuitwa Walokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ukawa salamu yao kila walipokutana, hata kwa wasiojua Kiganda. Walikuwa na maneno yao: kuvunjika, kutembea nuruni, kuoshwa kwa damu. Aliyevunjika ni yule aliyeacha kujitetea mbele ya Mungu na mbele ya nduguze. Na kutembea nuruni ni kuishi pasipo siri, mtu akitaja kosa lake siku ileile alilolitenda.

Ili kuelewa kwa nini maneno hayo yalishika kama yalivyoshika, yafaa kukumbuka kwamba kufikia wakati ule ubatizo, hasa katika Buganda, ulikuwa umekwisha kuwa njia ya kupata shule, uchifu na heshima. Mtu alipewa jina jipya na cheti, akahesabiwa Mkristo, ilhali nyumbani mwake hakuna kilichobadilika. Mlokole alipomwuliza mzee wa kanisa kama ameokoka, hakuwa akileta dini mpya. Alikuwa akiuliza kama ile iliyopo imepata kupokewa.

Hoja za wakubwa, hoja za ndugu

Ni dhuluma kuwahesabu wakuu wa kanisa wa siku zile kuwa ni maadui wa neema. Walikuwa na hoja, na hoja zao zina uzito hata leo.

Kwanza, walisema, neema hupewa mtu katika ubatizo na kulishwa katika meza ya Bwana, mambo ambayo Kristo mwenyewe ameyaagiza na ambayo hayategemei jinsi moyo wa mtu unavyojisikia asubuhi ile. Kwa hiyo kumwuliza mbatizwa kama ameokoka ni kuidharau ahadi ya Mungu na kuegemea hisia za mja. Pili, kuungama hadharani kuliwavunjia wengine heshima, maana mume akitubu zina mbele ya mkutano humtaja mwanamke, na mwanamke huyo ana mume, na mume huyo pengine ameketi viti viwili nyuma. Tatu, na hili ndilo lililowauma zaidi, palikuwa na vijana waliosema kuwa hawana chochote cha kujivunia, kisha wakajivunia jambo hilohilo.

Nao ndugu, yaani Walokole, walijibu kwa matendo zaidi kuliko kwa hoja. Watu waliotubu walirudisha mali waliyoiba kwa mabwana zao, wakalipa madeni ya zamani, wakawaendea waliogombana nao wakaomba radhi. Mzungu alisimama mbele ya Waafrika akaungama kiburi cha rangi yake, na Mwafrika akaungama chuki yake. Wakala pamoja katika nchi ambamo desturi ya serikali na ya wazungu wengi haikuruhusu. Wanawake walisimama wakashuhudia mbele ya wanaume. Iwapo haya si matunda ya neema, waliuliza, basi ni matunda ya nini?

Wengi walitazamia kwamba wale 26 waliofukuzwa Mukono wangejitenga na kuanzisha kanisa lao, kama walivyofanya wengine wengi katika Afrika ya wakati ule. Hawakujitenga. Walibaki katika kanisa lililowafukuza, wakaketi katika viti vyake na kupokea ushirika wake, na kabla ya miaka mingi kupita, watu wa uamsho walikuwa makasisi na maaskofu wa kanisa lilo hilo. Nagenda mwenyewe alibaki mlei, akahubiri katika Afrika Mashariki, Ulaya, Bara Hindi na Amerika.

Upande wa Tanganyika, Josiah Kibira wa Bukoba, aliyelelewa katika uamsho huohuo, alikuwa askofu wa Kilutheri, na mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Fundisho la Luther lilikuwa limetoka Ujerumani likiwa na jina lake. Likarudi katika uongozi wa dunia kwa mkono wa Mhaya aliyejifunza kutubu kando ya ziwa Victoria.

Ushuhuda ulipogeuka mtihani

Hata hivyo, bei iliyotolewa kwa mlango wa mbele ilirudi kwa mlango wa nyuma. Ungamo, lililokuwa tunda la neema, lilianza mahali pengine kuwa ada ya kuingilia. Na mtu asiyekuwa na dhambi kubwa ya kusimulia, au aliyeona haya kuisimulia, alitiliwa shaka kama kweli ameguswa.

Nagenda aliliona jambo hilo mapema, akatumia miaka mingi akiwaonya nduguze juu ya kujikakamua, yaani kutafuta kwa jasho la roho kile ambacho walikuwa wamekwisha kupewa. Maonyo hayo hayakusikiwa na wote. Katika miaka ya 1960 na 1970 lilitokea Uganda kundi la ndugu waliojiita walioamka upya, ambao waliharamisha mikopo na mavazi ya mitindo, wakawahesabu wenzao wasiofuata amri hizo kuwa wamepoa.

Asiwacheke mtu. Kila dhehebu lina orodha yake, iwe imeandikwa au haikuandikwa: ya mavazi, ya vinywaji, ya zaka, ya idadi ya misa alizohudhuria mtu, ya lugha alizonena katika sala. Vitu hivyo vyaweza kuwa vizuri vyote. Vinaharibika pale tu vinapofanywa hati ya kumdai Mungu au fimbo ya kumfukuzia jirani.

> Ungamo, lililokuwa tunda la neema, lilianza mahali pengine kuwa ada ya kuingilia.

Katika mizani ya damu

Fundisho hupimwa wakati wa shida, na Afrika Mashariki haikupungukiwa na shida.

Hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya mnamo Oktoba 1952, Wakikuyu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kuwa waliokwisha kufanya agano kwa damu ya Kristo hawana damu nyingine ya kuapia. Na wengi wao walikataa vilevile kubeba silaha za serikali. Kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Wapo wazalendo ambao hata leo huwaona kuwa waliwaacha wenzao katika saa ya kudai ardhi na uhuru, na hoja hiyo haifutiki kwa kusifu ushujaa wao tu.

Uganda, mnamo Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu wa uamsho, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, aliyepata kuwa mwalimu Dodoma katika ujana wake, alikimbia yeye na mkewe kwa miguu kupitia milimani hata Rwanda. Na mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Waliokipinga walidhani anamsafisha dhalimu, lakini Kivengere alikuwa ameutaja udhalimu ule mbele ya dunia nzima, ila alikataa kuikabidhi nafsi yake kwa chuki, kwa hoja kwamba msamaha alioupokea yeye haukutolewa kwa kuwa alistahili.

Kisha ikaja Rwanda ya mwaka 1994, na hapo mwandishi yeyote wa mambo ya neema sharti apunguze sauti. Katika muda wa siku takriban 100, watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi, wengi wao wakiwa Watutsi, waliuawa na raia wenzao. Na makanisa ya Nyarubuye, Ntarama na Nyamata, ambamo watu walikimbilia kuomba hifadhi, yakawa machinjio. Aghalabu muuaji na muuawa walikuwa wamebatizwa kwa maji ya birika moja, katika nchi ileile ambamo uamsho wa Gahini ulizaliwa.

Wakosoaji husema kuwa uamsho uliwafundisha watu kutubu uongo, wizi na zina, lakini haukuwafundisha kutubu dhambi ya kabila na ya serikali, na kwamba wokovu uliohubiriwa kuwa ni jambo la moyo wa mtu mmoja mmoja uliiacha siasa mikononi mwa Shetani. Watetezi wake hujibu kwamba wengi wa ndugu wa Rwanda walikwisha kukimbia nchi tangu machafuko ya 1959, na kwamba wapo waliokufa kwa kukataa kuigawanya damu ya Kristo kwa makabila, kama kasisi Yona Kanamuzeyi aliyeuawa mwaka 1964. Hoja zote mbili ni za kweli, na ukweli wa pili hauuondoi wa kwanza.

Tarehe 20 Machi 2017, huko Vatikano, Papa Francis, mbele ya Rais Paul Kagame, aliomba maghufira ya Mungu kwa dhambi za kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Na nchini Rwanda vipo leo vijiji vya maridhiano, ambamo waliotoka gerezani baada ya kutubu na walionusurika na mapanga yao wanaishi jirani kwa jirani.

Hapo lazima kuwe na tahadhari. Aliyeua akitubu, Injili inasema kuwa Mungu aweza kumsamehe pasipo kumdai chochote. Lakini hakuna mhubiri aliyepewa idhini ya kwenda kwa mjane na kumdai msamaha wake kana kwamba ni kodi. Neema ikigeuzwa kuwa deni la mwenye kidonda, imekwisha kupangiwa bei, na mwenye kulipa ni yule aliyekwisha kunyang'anywa kila kitu.

Soko la upako

Siku ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu walisongamana usiku kwenda kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini, wakiamini kuwa mguu utakaoyagusa utaondokewa na maradhi na mikosi. Na watu 20 wakafa kwa kukanyagana.

Miaka mitatu baadaye, tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, nyingi zikiwa za watu waliodaiwa kuambiwa na mhubiri wao kwamba wafunge hata kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwamo watoto.

Mambo hayo mawili hayalingani kwa uovu wala kwa kusudi, na si haki kuyafunga katika fungu moja. Lakini yanaelekeana katika jambo hili: kwamba watu maskini na wagonjwa walifundishwa kuwa baraka ya Mungu iko mahali fulani, mbele ya mtu fulani, na kwamba ili kuifikia sharti watoe kitu kwanza, fedha au nguvu za kusukumana au uhai wao wenyewe.

Baina ya misiba hiyo mikubwa ipo biashara ndogo ya kila siku: chupa za mafuta, maji, chumvi, leso, stika za kubandika mlangoni, na bahasha za kupanda mbegu, ambazo mtu huambiwa kwamba kadiri atakavyotia ndani ndivyo Mungu atakavyomfungulia.

Wahubiri wa mambo haya nao wana utetezi wao. Husema kwamba sadaka si bei bali ni tendo la imani. Kwamba Mitume walitumia mafuta kuombea wagonjwa. Kwamba makanisa makongwe, yenye majengo ya mawe na mahesabu yaliyokaguliwa, yaliwaacha maskini na pepo wao, madeni yao na magonjwa yao, yakawapa mahubiri baridi na orodha ya michango ya ujenzi. Shutuma hiyo ya mwisho ni kweli kwa kiasi cha kutuaibisha. Muumini asiyelipa ahadi ya jimbo akanyimwa mazishi ya kanisa anaijua bei ya neema vizuri kuliko mwanateolojia.

Serikali zimejaribu kuingilia. Rwanda ilifunga maelfu ya nyumba za ibada mwaka 2018 na kutunga sheria ya kuwataka viongozi wa dini wawe na elimu ya teolojia. Kenya iliunda jopo la kuchunguza mambo ya dini baada ya Shakahola. Serikali yaweza kukagua vyoo, milango ya dharura na vitabu vya hesabu, na ni wajibu wake kufanya hivyo. Lakini haina mizani ya kupimia neema, na siku itakapojipa mizani hiyo, itakuwa ni mtoza ushuru mwingine aliyeongezeka mlangoni.

> Lililo bure halihitaji mlinzi wa kukusanya viingilio.

Insafu ya jambo hili

Ukiyatazama mambo haya kwa pamoja, tangu hati za Tetzel hata chupa za upako, tangu mtihani wa ushuhuda hata michango ya jimbo, utaona kwamba adui wa fundisho la neema si yule anayelikana. Wanaolikana ni wachache. Adui wake ni yule anayelihubiri Jumapili asubuhi, kisha akalipangia masharti kabla ya jua kutua, wala si lazima awe mlaghai. Pengine ni mtu mwenye bidii anayeogopa kwamba watu wakiambiwa kuwa wokovu ni bure watafanya wapendavyo.

Hofu hiyo ina sababu, nayo ndiyo iliyomfanya Yakobo aandike. Lakini dawa yake si bei. Mtoto hadaiwi fedha ya chakula katika nyumba ya babaye, wala kwa kuwa hakudaiwa hapati ruhusa ya kumpiga nduguye mezani. Na akimpiga hapewi risiti, bali hurudiwa kama mtoto. Walokole wa kwanza walilijua hilo: walisamehewa kwanza, ndipo wakarudisha walivyoiba, na hakuna aliyerudisha ili asamehewe.

Mpangilio huo ndio fundisho lote, nao ndio kipimo ambacho msomaji aweza kukitumia mwenyewe, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mpentekoste au ndugu wa uamsho. Akisikia mtu anasema kwamba toa kwanza, ufunge kwanza, ukanyage kwanza, uungame kwanza mbele yetu, ndipo Mungu akupende, na ajue kuwa anauziwa kitu, na kitu hicho si neema. Na akisikia mtu anasema kwamba amekwisha kupokelewa na Mungu, ilhali mkono wake bado umeshika mali ya mjane au panga la jirani, na ajue kuwa huyo naye hajaipokea.

Kwa wachungaji na mapadre ombi letu ni fupi: michango ya ujenzi iwekwe mbali na meza ya Bwana, mbali na kitanda cha mgonjwa, na mbali kabisa na kaburi. Kanisa linalohitaji paa na liombe paa kwa jina lake, waumini watatoa. Lakini lisimwombe mtu paa kwa jina la wokovu wake, kwa sababu huo ulikwisha kulipiwa, na aliyelipa hakumweka wakala yeyote wa kupokea malipo mara ya pili.